Toba Hupimwa kwa Msimu wa Mabibo

Mpwa wangu hakupita upekuzi. Barua aliyoletewa ina aya mbili: ya kwanza inamshukuru kwa kuomba kazi, ya pili inasema hakukidhi vigezo. Sababu haikutajwa, lakini yeye anaijua, mimi naijua, na nusu ya Newala inaijua, maana jambo lenyewe lilitokea karibu na soko, jua likiwa juu. Kazi aliyoomba ni ya ulinzi, mahali fulani huko pwani ambapo sitapataja, penye uzio wa seng'enge na kibao kinachokataza kupiga picha. Alifaulu usaili, akapimwa afya, akachukuliwa alama za vidole. Fomu ilimuuliza kama amewahi kutiwa hatiani na mahakama yoyote. Wenzake walimshauri ajaze hapana, kwani nani atafukua majalada ya Newala? Yeye alijaza ndiyo, na nafasi ya maelezo ilipomwishia akaendelea nyuma ya karatasi.

Kisha akaja kwangu. Kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, na anayeulizwa habari zake ni mjomba, akipenda asipende. "Njomba," aliniambia, "wewe umekaa mahakamani miaka mingi. Niandikie rufaa."

Nilikaa kweli, ila kama mzee wa baraza wa mahakama ya mwanzo, pembeni ya hakimu, nikisikiliza kesi za mbuzi, za mipaka ya mikorosho, za talaka, za ngumi za vilabuni. Rufaa ya kawaida naijua njia yake: inapanda mahakama ya wilaya ndani ya siku 30, na nakala ya hukumu mkononi. Hii haikuwa na hukumu, haikuwa na mwenendo wa shauri, wala jina la aliyeamua. Nilipoketi kuiandika nikaona kuwa swali lake si geni hata kidogo. Nilikutana nalo nikiwa kijana, mbele ya sheikh, katika mlango wa ushahidi wa vitabu vya fiqhi. Mtu akitubu, nani anawajibika kumwamini, na kuanzia lini?

Ngoja kwanza nieleze kosa, maana rufaa inayoficha kosa ni uongo wenye mhuri.

Wasiokaa kwetu huijua korosho ya pakiti tu. Mtini huning'inia chini ya bibo, tunda laini lenye maji, jekundu au la njano. Mkulima huitenga korosho, huipeleka chama cha msingi, ikapimwa, ikaandikiwa stakabadhi, ikasubiri mnada. Bibo halina mnada. Huoza chini ya mti, au hukamuliwa. Maji yaliyokamuliwa asubuhi hata mtoto anakunywa. Yakilala huwa uraka. Uraka ukichemshwa, mvuke wake ukapita kwenye bomba na kupozwa, huwa nipa, ambayo mikoa mingine huiita gongo. Kati ya Septemba na Desemba uwanda mzima hunuka mabibo. Miezi mingine mlevi huitafuta pombe. Miezi hiyo pombe ndiyo humtafuta yeye, tena kwa bei ya kuchekesha, na wakati huohuo pesa za korosho zimeingia mifukoni.

Nipa kwangu ni haramu kwa dini, na kwa kila raia Sheria ya Moshi ya 1966 inakataza kuipika bila leseni, leseni ambayo sijawahi kumwona mtu wa huku akiwa nayo. Pombe kali ya kiwandani, yenye stempu ya kodi, hukaa juu ya rafu dukani na hakuna anayekamatwa. Vijana hulalamikia hilo, nami huwajibu kwamba stempu haibadilishi kitu mbele ya Mungu, lakini nipa iliyopikwa vibaya hupofusha na huua, na serikali ina haki ya kuliogopa hilo.

Mpwa wangu alikamatwa na dumu la nipa, akatozwa faini. Msimu huohuo, akiwa amelewa, alimpiga mtu chupa ya shavu kwa ajili ya deni dogo. Shambulio la kudhuru mwili, kifungo cha miezi sita. Mimi siku hiyo nilikaa kwenye mabenchi ya watazamaji pamoja na dada yangu. Kijana alikubali kosa bila kuzunguka. Alitumikia, akatoka mwezi wa Machi, na mitaa ikaanza kumsifu kwamba gereza limemnyoosha, hanywi tena. Mimi sikumsifu. Mwezi wa Machi nani analewa uraka? Mabibo yenyewe hayapo.

Sasa fiqhi. Sura ya An-Nur, aya ya 4 na ya 5, inamzungumzia mtu anayewasingizia wanawake zinaa bila kuleta mashahidi wanne. Adhabu yake ni viboko 80, ushahidi wake usikubaliwe kamwe, na yeye anahesabiwa fasiki. Kisha inakuja ruhusa: isipokuwa wale waliotubu baada ya hapo na kutengenea. Wanazuoni wakagawanyika palepale. Abu Hanifa na wafuasi wake walisema ruhusa hiyo inaondoa ufasiki peke yake: mtu huyo Mungu amemsamehe, ataingia peponi akijaliwa, lakini mbele ya kadhi mdomo wake umefungwa mpaka kaburini. Malik, Shafi na Ahmad walisema inarudi kwenye yote: akitubu, ushahidi wake unapokelewa.

Soma tena mgawanyiko huo polepole. Hawakubishana kama Mungu anasamehe. Walibishana kama msamaha wa Mungu unazilazimisha ofisi za watu. Abu Hanifa hakuwa mtu katili. Alijua kwamba kadhi haoni moyo, na kwamba ushahidi wa uongo unaweza kumnyang'anya mjane shamba lake. Aliona kuna milango ambayo mtu aliyeiangusha imani ya watu mara moja asipewe tena ufunguo wake, hata kama ni walii. Ofisi iliyomkataa mpwa wangu ingefurahi kumsoma, ingawa nadhani haina habari kwamba ni Mhanafi.

Sisi wa pwani na bara yake ni Mashafii, na ndiyo maana kisa cha Abu Bakra tulifundishwa kwa urefu. Huyu si Abubakar khalifa wa kwanza. Ni sahaba mwingine, aliyekaa Basra. Yeye na wenzake walitoa ushahidi wa zinaa dhidi ya gavana, Mughira bin Shuuba. Shahidi wa nne akayumba, ushahidi ukaanguka, na khalifa Umar akaamuru wale watatu wachapwe. Baada ya viboko Umar aliwaambia kwamba atakayetubu atapokea ushahidi wake. Wawili wakatubu. Abu Bakra akakataa, kwa kuwa alishikilia kwamba alichokisema alikiona kwa macho yake. Kutubia ukweli kwake kungekuwa ndiyo uongo.

Kisa hiki hunisumbua kila ninapokutana na fomu zinazotaka mtu "aonyeshe majuto". Aliyefungwa kwa haki ana kitu cha kujutia. Aliyefungwa kwa kuonewa, na wapo, nimewaona, anaambiwa achague kati ya ukweli wake na mkate wake. Mpwa wangu hayumo katika kundi hilo, lakini sheria haitungwi kwa ajili ya mpwa wangu peke yake.

Na kuna jambo la ajabu zaidi. Abu Bakra huyohuyo, ambaye Umar hakuupokea tena ushahidi wake, ni mpokezi wa hadithi za Mtume, na Bukhari amezitia katika mkusanyiko wake. Umma mzima umekubali kupokea dini kutoka kwa mtu ambaye kadhi asingemkubali kama shahidi wa mauziano ya ngamia. Nilimuuliza sheikh wangu zamani, inakuwaje? Akanijibu kwamba kusimulia si kushuhudia, kila kazi ina amana yake. Nilidhani ananikwepa. Siku hizi naona alinipa kitu kikubwa. Hakuna mtu "wa kuaminika" hivi hivi tu, kwa jumla. Huaminiwa kwa jambo fulani, na anayepekua hana budi kujiuliza kwanza ni jambo lipi.

Tukubali basi kwamba ushahidi wa aliyetubu unapokelewa. Je, anapokelewa kesho yake asubuhi? Hapo Nawawi, aliyefariki 1277 na ambaye kitabu chake cha Minhaji kimesomwa misikitini kwetu vizazi na vizazi, anaeleza kwamba kusema "nimetubu" hakutoshi. Mtu apimwe kwa muda, na wengi wa wanazuoni wa madhehebu wamekadiria mwaka mmoja. Kwa nini mwaka, wasiseme siku 100 au miaka 10? Waliosherehesha wanatoa sababu ambayo, nilipoikumbuka usiku ule nikiwa na kalamu mkononi, nilicheka peke yangu: kwa kuwa majira manne ya mwaka yana nguvu ya kuamsha matamanio ya nafsi. Mtu akipita majira yote bila kurudi, hapo ndipo kuna dalili.

Wanazuoni hao waliishi Sham na Misri, mabibo hawakuwahi kuyaona, mkorosho wenyewe ulikuwa bado Brazili. Lakini wameiandikia Newala. Ukimpima mlevi wa huku kuanzia Januari mpaka Juni hujampima chochote. Mpe Oktoba. Mpe wiki ambayo mnada umelipa, mvua za kwanza zimenyesha, jirani kapika, na wenzake wa jando wamekaa chini ya mwembe na kata inazunguka. Akitoka hapo mkavu, na mwaka unaofuata tena, ndipo mjomba aanze kunyoosha kidole gumba.

Mpwa wangu ametoka misimu minne. Na hiyo minne hakuipitisha nyumbani amejificha. Msimu wa kwanza baada ya gereza, mwenyekiti wa chama cha msingi kijijini, mtu mgumu asiye na huruma za bure, alikuwa hana mlinzi wa ghala. Aliyekuwapo alikamatwa akiuza korosho kwa watu wa kangomba, wale wanaopita vichochoroni na vibaba vyao wakinunua nje ya mfumo. Mwenyekiti akamwambia mpwa wangu: lala hapa wiki hii, tuone. Analala hapo mpaka leo kila msimu. Ghala lile huhifadhi tani za watu kabla hazijachukuliwa kwenda ghala kuu kusubiri mnada wa chama kikuu cha ushirika, TANECU, na kila gunia ni ada ya shule ya mtu. Yeye ndiye mwenye ufunguo kuanzia magharibi, peke yake, katika miezi ambayo hewa yenyewe ina kilevi. Kijiji kilimpekua, kwa njia yake.

Kwa habari ya upekuzi, uwanda wa Makonde hauhitaji kufundishwa. Novemba 2018 Rais Magufuli alipowaondoa wanunuzi binafsi na kuamuru jeshi lizisombe korosho kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yalitanguliwa na uhakiki: hizi kilo ni za shamba lako, au ni za kangomba? Kuna wazee walioonyesha mikorosho iliyopandwa na baba zao, mmoja mmoja. Wengi walisafishwa, wengine walibaki wakisubiri. Naisema habari hiyo kwa sababu moja. Hata ule uhakiki, pamoja na ukali wake, mtu aliulizwa na akajibu. Alisimama shambani kwake akasema huu wangu, na ule wa dada yangu. Barua ya mpwa wangu haikumuuliza lolote.

Nilikwenda kwa imamu nimwombe saini katika sentensi moja niliyoipenda sana: kwamba kijana ametubu toba ya kweli. Imamu aliisoma, akaniangalia kwa muda, akakataa. "Mzee wangu, hayo ya ndani unayajuaje? Mimi siyajui." Akachukua kalamu yake akaandika kwamba tangu kijana atoke gerezani hajamwona amelewa, kwamba humwona sala ya alfajiri siku anazotoka zamu, na kwamba hana zaidi ya hayo. Nilirudi nimenuna. Kufika nyumbani nikakubali kwamba karatasi yake ina uzito kuliko yangu, kwa vile ni ushahidi wa macho, na ofisi yoyote duniani haiwezi kudai zaidi ya hapo wala haistahili kupewa zaidi ya hapo.

Saini niliyoitaka kuliko zote ilikuwa ya mtu mwenye kovu shavuni. Toba ya kosa alilotendewa mtu haikamiliki mpaka mtu huyo arudishiwe haki yake. Hilo halina mgawanyiko, madhehebu yote yanalisema. Mpwa wangu alimlipia gharama za hospitali kidogo kidogo, kwa fedha ya ulinzi, na suluhu ilifanyika mbele ya wajomba wa pande zote mbili. Nilipomweleza habari ya rufaa alisema: "Andika kwamba mimi nimemsamehe, lakini andika pia kwamba aliniumiza. Msije mkaandika kana kwamba nilijikwaa." Tukaandika yote mawili.

Kwa nakala niliteremka Masasi. Barabara inaushuka ukuta wa uwanda kwa kona kali, joto linapanda, na ghafla unaiona milima ya mawe ya Masasi imesimama kwenye tambarare. Rafiki yangu ni padre mstaafu wa Kianglikana, anakaa jirani na Mtandi. Tumebishana tangu ujana wetu na hatujawahi kugombana. Alisoma rasimu, akasema sisi Waislamu tunapenda mno kuhesabu. Nikamwambia aendelee.

Alinikumbusha kwamba Masasi ya misheni ilianza 1876, Askofu Edward Steere alipoleta kutoka Unguja watumwa waliokombolewa. Hao walikuwa watu waliotekwa utotoni, wakauzwa mara nyingi, wengine hawajui tena kijiji cha mama zao. Hakuna mtendaji ambaye angewaandikia barua ya utambulisho. Walipewa viwanja, majina ya ubatizo na majembe. "Mji huu," alisema, "umejengwa na watu wasio na faili." Nikamjibu kwamba hao walikuwa wametendewa dhambi, hawakuwa wamepiga watu chupa. Akakubali, kisha akageuka upande mwingine: Kanisa lake nalo limekuwa likiwatenga walioanguka na kuwarudisha kundini kwa utaratibu, mbele ya watu. Na Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, uliwawekea walioikana imani bila kushurutishwa miaka 12 ya toba kwa hatua tatu: miaka 3 ya kusikiliza tu, 7 ya kusujudu, 2 ya kusali na wengine bila kushiriki sadaka. Miaka 12! Nikamwambia, na bado mnasema sisi ndio tunaohesabu.

Lakini tulipotulia tuliona kwamba tunasema kitu kimoja. Mwaka wa Nawawi na miaka 12 ya Nikea ni tofauti kwa ukali, ila yote ina tarehe ya mwisho. Mtubiaji wa Nikea alijua yuko hatua gani na amebakiza nini. Jando letu liko hivyohivyo. Mtoto anaingia porini na jina lake la utotoni, anatoka na jina jipya, na ole wake anayemwita la zamani mbele za watu. Karl Weule, Mjerumani aliyepita Masasi na Newala 1906, aliyaandika mambo ya jando na unyago wa huku kwa mshangao wa mgeni; Askofu Vincent Lucas, aliyeiongoza dayosisi ya Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alikuwa na akili ya kutolivunja jando bali kuliingiza Kanisani. Sisemi kwamba jinai ya mtu mzima ni sawa na ujinga wa mtoto. Nasema jamii zilizotulea, msikiti, Kanisa na pori la jando, kila moja ilijua kwamba ukimwambia mtu abadilike lazima pia uweke siku ambayo utakubali kwamba amebadilika.

Faili la upekuzi halina siku hiyo. Lakini hata Katiba yetu ya 1977 inaijua siku ya namna hiyo: Ibara ya 39 inamzuia kugombea urais mtu aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu. Mitano ikipita, mlango uko wazi. Kwa hiyo aliyeiibia Hazina anaweza kuomba ufunguo wa Ikulu mwaka wa sita, na aliyebeba dumu la nipa hajui kama ataruhusiwa kufungua geti hata mwaka wa ishirini. Waingereza waliotuachia nusu ya sheria zetu walijitungia 1974 sheria ya kwao wenyewe, kwamba hukumu ndogo ikishapita miaka kadhaa bila kosa jipya huhesabiwa imekwisha, na mtu hadaiwi kuitaja kwa kazi nyingi. Kazi za usalama wamezitoa humo, na hilo nalielewa.

Nalielewa kweli. Nisije nikaonekana mjomba anayetetea damu yake. Sehemu ile ya pwani ikiwashwa moto na mlinzi mlevi, wanaokufa si wapekuzi, ni watu wa vijiji vya jirani. Kuna kanuni ya fiqhi kwamba kuzuia madhara hutangulia kuleta manufaa, na manufaa ya mpwa wangu kupata mshahara hayawezi kupimwa mizani moja na hatari hiyo. Mwanasheria mmoja kijana wa Mtwara, niliyemwonyesha rasimu, alinisimulia kesi ya Marekani iliyonifanya ninyamaze. Bwana Thomas Egan aliajiriwa Novemba 1981 katika kituo cha jeshi la majini kule Bremerton, jimbo la Washington, palipokarabatiwa nyambizi za nyuklia. Akanyimwa kibali cha usalama. Sababu: aliwahi kutiwa hatiani kwa shambulio na kwa kumiliki bunduki ilhali sheria inamkataza, alificha hukumu nyingine mbili kwenye fomu, na mwenyewe alikiri kwamba zamani pombe ilimshinda. Kesi ilifika Mahakama Kuu kabisa ya nchi yao. Mwaka 1988 majaji watano dhidi ya watatu walisema hakuna mtu mwenye haki ya kupewa kibali hicho, na bodi ya rufaa ya watumishi haina mamlaka ya kuchunguza kama jeshi lilikuwa sahihi kumkataa.

Nilipomsikia Egan nilimwona mpwa wangu, isipokuwa mahali pamoja. Egan alificha. Wa kwangu alijaza ndiyo mpaka nyuma ya karatasi. Na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoniuma, kwani wenzake waliomshauri aseme hapana wameona matokeo. Ofisi inapomkataa msema kweli bila kumwambia neno, imewafundisha vijana wote wa mtaa ule jinsi ya kujaza fomu inayofuata, na itapata walinzi ambao makosa yao haiyajui.

Mwanasheria aliendelea. Wamarekani haohao, baada ya Egan, wameweka amri ya Rais Clinton ya 1995: aliyenyimwa kibali apewe sababu kwa maandishi kadiri usalama unavyoruhusu, ajibu, kisha akate rufaa kwa jopo. Miongozo yao inaitaja pombe na inaitaja jinai miongoni mwa mambo 13 ya kuangaliwa, na kando ya kila moja imeandikwa kinachoweza kupunguza uzito wake: muda uliopita, mazingira ya kosa, kukiri, ushahidi wa kuacha. Serikali kubwa kuliko zote, yenye mabomu ya kuogopesha dunia, imeona haipungukiwi kitu kwa kumwambia mtu kwa nini imemkataa. Na sisi Ibara ya 13(6) ya Katiba inasema haki ya mtu inapoamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote, asikilizwe kikamilifu na apate kukata rufaa. Mwanasheria anaona ubishi utakuwa pale pale alipokwama Egan: je, kazi ya ulinzi ni "haki" ya mtu? Mpwa wangu anaweza kushindwa hapo. Mimi si wakili. Niliinukuu namba ya ibara nikaendelea.

Barua niliyoiandika hatimaye haina neno toba. Nililifuta, na nililifuta kwa amri ya imamu bila yeye kujua. Haiombi ofisi imsamehe, maana ofisi haikupigwa chupa, na aliyepigwa amekwisha kusema lake. Inaeleza kosa la kwanza na la pili, na adhabu zilizotumikiwa. Inataja misimu minne ya mabibo kwa miaka yake, na kueleza, kwa mtu wa Dodoma asiyejua, kwa nini Oktoba ya Newala ni mtihani mkubwa kuliko miezi mingine yote. Imeambatishwa na karatasi ya imamu, ya mwenyekiti wa chama cha msingi pamoja na daftari la ghala, ya mtendaji wa kijiji, na ya mwenye kovu. Mwishoni inauliza maswali mawili: sababu ni ipi, na kama sababu ni hayo makosa mawili, ni baada ya muda gani na kwa ushahidi wa namna gani yatahesabiwa yamepita. Padre alitaka niongeze Mwana Mpotevu. Nilimwambia yule alipokewa na baba yake, hakuwa anaomba ulinzi wa geti.

Mpwa wangu aliisoma chini ya taa, kidole kikifuata mstari. Alisahihisha jambo moja: mwaka mmoja nilikuwa nimeandika kwamba hakuonja kabisa, naye akasema mwezi wa kumi wa msimu ule wa kwanza aliipokea kata, akaitia mdomoni, akaitema. Je, liandikwe? Nikamuuliza yeye anaonaje. Akasema liandikwe. Mwanasheria alipoona sentensi hiyo alishika kichwa, akasema nimempa adui risasi. Tuliituma nayo.

Jibu halijaja. Mwenyekiti wa chama cha msingi anataka kumwajiri mwaka mzima, siyo msimu peke yake, na dada yangu anamshauri akubali aachane na pwani. Yeye amekubali kazi ya mwenyekiti. Rufaa hajaiondoa. Nilimuuliza anaingojea ya nini basi, akasema hata wakikataa tena, anataka waandike kwa nini.